Sofa ya Kisasa kwa Sebule ya Isikizya: Itazame Kabla Haijavikwa

Makochi ya wazazi wetu hayakuficha kitu. Mikono ya mninga ilikuwa wazi, miguu ilikuwa wazi, na ukiinua mto uliziona mbao za chini zimepangwa moja baada ya nyingine. Fundi akipiga msumari ovyo, kila mgeni aliuona. Sofa ya kisasa huvikwa kitambaa toka juu hadi karibu na sakafu, mikono yake hujazwa sponji, mgongo hushonewa vifungo, na mbao zote humezwa ndani. Inapendeza, na mimi naipenda. Lakini hizo mbao zisizoonekana ndizo zinazobeba watu watano siku ya Idi au Krismasi, na ndizo zinazoamua kama sofa itadumu mpaka watoto wako wamalize shule au itaanza kulia kiangazi cha kwanza. Kwa hiyo neno langu kwako ni hili: usilipe pesa yote ya sofa ambayo hujaiona ikiwa fremu tupu.

Wewe wa Isikizya unaweza kufanya hivyo kwa urahisi kuliko wengi. Isikizya, makao makuu ya wilaya ya Uyui, iko kwenye barabara iendayo Nzega, Tabora mjini ni safari fupi, na mkoa wote umezungukwa na misitu ya miombo ambamo mninga huota wenyewe. Anayeagiza sofa kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, huletewa picha kwenye simu, kisha mzigo husafiri zaidi ya kilomita 800 kabla hajakalia. Wewe unaweza kumwambia fundi, "Fundi, usivishe kabla sijafika," akajibu, "Sawa mama, fremu ikisimama nakupigia." Simu hiyo ina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Kabla ya kufika kwa fundi, anzia nyumbani ukiwa na futikamba. Pima urefu na upana wa sebule, kisha upana wa kila mlango, ukianzia fremu hadi fremu bila kuhesabu bawaba. Sofa ya watu watatu huwa na urefu wa sentimita 200 hadi 220 na upana wa 85 hadi 95. Tandika kanga au mkeka sakafuni kwa vipimo hivyo, mahali unapotaka sofa ikae, kisha ishi nayo siku mbili. Pita na ndoo ya maji, pita na sinia la chai, fungua mlango wa chumba cha watoto. Ukiona unakanyaga kanga kila mara, sofa hiyo ni kubwa kwa nyumba yako hata kama ni nzuri vipi. Njia ya kupita inahitaji sentimita 70 hivi, na kati ya sofa na meza ya kati acha 40 au 45, ili mtu aweze kufikia kikombe bila kugonga magoti.

Sofa za L ndizo zinazotakiwa sana sasa, na ndizo zinazohitaji kufikiriwa zaidi. Watu wengi wa Isikizya ni watumishi: walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri. Wengi wamepanga, na barua ya uhamisho haiji na vipimo vya sebule mpya. Ukiitaka L, iagize katika vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, na umwambie fundi kwamba kipande kifupi kiweze kukaa kulia au kushoto. Kona iliyo upande wa kushoto wa nyumba hii inaweza kuwa kulia kwenye nyumba utakayopewa Igalula au Sikonge. Kisha kuna msiba, ambao hakuna nyumba isiyoujua. Siku hiyo makochi hutolewa nje na majamvi hutandikwa sebuleni. Sofa ya kipande kimoja iliyoingizwa kabla fundi ujenzi hajamaliza mlango itabaki hapo ndani, imewanyima waombolezaji nafasi. Kila kipande kipite mlangoni kikiwa kimebebwa na watu wawili. Hilo ni sharti, na ningelishikilia kuliko rangi au mtindo.

Fikiria pia mgeni wa kulala. Hapa ni Unyanyembe. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857 wakapewa makazi na wafanyabiashara wa Kiarabu, na Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871. Nchi hii imezoea wageni wa safari ndefu ambao hawaagi siku hiyohiyo. Shemeji akitoka Goweko jioni atalala. Kama chumba cha wageni hakuna, sofa ya watu watatu iwe na nafasi ya ndani, kati ya mkono na mkono, isiyopungua sentimita 180. Mikono minene ya kisasa hula nafasi hiyo bila wewe kujua: sofa ya sentimita 210 yenye mikono ya 25 kila upande inabakiwa na 160, na hapo mtu mzima atalala amejikunja. Mwambie fundi apunguze mikono hadi 12 au 15. Sofa itazidi kupendeza, na mgeni atanyoosha miguu.

Kimo ni jambo ambalo picha za mitandaoni haziwezi kukuonyesha. Mtindo wa sasa ni sofa za chini zenye kina kirefu, ambazo kijana hujitupa juu yake na kuangalia mpira. Bibi mwenye magoti yanayouma hawezi kuinuka kwenye kiti cha sentimita 35. Ukiwa na wazee wanaokuja mara kwa mara, weka kimo cha 43 hadi 45 kutoka sakafuni hadi juu ya mto, ukipima mtu akiwa amekaa, kwa sababu sponji hubonyea. Kina cha kukalia kiwe 50 hadi 55. Jaribio lake ni rahisi: kaa mgongo ukiwa umegusa egemeo, nyayo ziwe zimetua sakafuni, na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Asiyefikisha miguu chini atatelezea mbele kila dakika, na kiuno kitamuuma kabla hajamaliza chai.

Sasa tuingie karakana, maana hapa ndipo pesa yako inapoliwa au kuokolewa.

Mninga una sifa mbili ambazo fundi yeyote wa Tabora atakusimulia kwa fahari. Moyo wake hausumbuliwi sana na mchwa, na ukikauka haujipindi wala hauchezi kama mbao nyingine nyingi. Ila sifa hizo ni za moyo tu, ile sehemu ya kahawia, wakati mwingine yenye wekundu. Pembezoni mwa gogo kuna tabaka jeupe lenye umanjano, na hilo bungua hulipenda sana. Mbao za tabaka hilo nazo huitwa mninga, na kwa kuwa kitambaa kitazifunika, ndizo zinazoishia ndani ya sofa za bei nafuu. Baada ya mwaka mmoja utaona unga laini kama wa ngano umejikusanya chini ya sofa. Huo ndio bungua anafanya kazi yake. Kwa hiyo fremu ikisimama, izunguke polepole na utazame rangi ya kila ubao, hasa ule wa mbele unaobeba magoti ya watu na ile ya pembeni inayobeba mikono. Doa la weupe kwenye kona ya ubao mmoja si neno. Fremu nzima nyeupe ikataliwe.

Mninga si lazima. Mkongo ni imara, ingawa ni mzito kwa mtu anayehamahama. Msonobari unaoletwa kutoka mashamba ya Nyanda za Juu Kusini, kama Sao Hill kule Mufindi, ni mwepesi na wa bei ya chini, na hutoa fremu nzuri ukiwa mkavu na umetiwa dawa. Kasoro yake ni kwamba haukamati skrubu kwa nguvu kama mninga, kwa hiyo viungo vyake vinahitaji gundi na vipande vya kuongezea nguvu kwenye kona. Mimi ningeagiza mchanganyiko: mninga kwa miguu na kwa mbao zinazobeba uzito, msonobari kwa mgongo. Nisichokubali ni mabanzi, zile kando za gogo zinazobaki baada ya kupasua, zenye magamba na mafundo. Mabanzi yafunikie choo cha shimo. Yasiwe ndani ya sofa.

Kuhusu mninga, kuna jambo la uadilifu pia. Mti huu umekatwa mno katika mkoa wetu, na kuupata mnene sasa ni kazi. Uliza mbao zimetoka wapi. Mbao halali husafiri na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na muuzaji aliyezinunua kihalali hasiti kukuonyesha hati au risiti. Mbao zilizopitishwa usiku kwa pikipiki ni rahisi, lakini bei hiyo inalipwa na msitu ambao wajukuu zetu nao wangetaka kuagizia makochi.

Ubichi wa mbao ndio jambo linalovunja sofa nyingi za Tabora, na watu huishia kulaumu misumari. Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Ubao uliopasuliwa Februari na kuundwa sofa Machi umejaa maji. Ukifika Agosti, hewa ikiwa kavu na upepo unavuma, unasinyaa, viungo vinalegea, na kila mtu akikaa sofa inalia. Mbao za unene wa inchi mbili zinataka miezi kadhaa chini ya kivuli, zimepangwa kwa kuachiana nafasi ili upepo upite. Chukua vipande viwili karakani uvigonge kimoja kwa kingine. Mbao kavu hutoa mlio mkali. Mbichi hutoa mlio mzito uliozibwa. Kisha shika moja kwa mkono: mbichi ni nzito kupita ukubwa wake, na ndani ya tundu jipya la msumari utahisi ubaridi. Mpangilio mzuri ni kuchagua na kulipia mbao wakati wa mvua, zikae kwa fundi zikikauka, naye aunde sofa kuanzia Julai.

Viungo vitazame kwa karibu. Makumbusho ya Berlin na New York yanahifadhi viti vya watemi wa Kinyamwezi, vyenye mgongo mrefu, kimo chake kikipita mita moja, na vilichongwa kwenye gogo zima. Kiti cha namna hiyo hakina pa kulegea. Sofa yako ina viungo ishirini na zaidi, na kila kimoja ni mahali inapoweza kufia. Kiungo bora ni ubao mmoja kuchongwa ulimi na mwingine kutobolewa tundu, ukaingia kwa kubana pamoja na gundi. Kinachofuata kwa ubora ni gundi pamoja na skrubu. Msumari mtupu, bila gundi, hung'oka taratibu kila mtu anapokaa na kuinuka. Kwenye kila kona ya ndani ya kikalio, dai kipande cha mbao cha pembetatu kilichopigwa skrubu pande zote mbili. Kwa sofa ya watu watatu, ongeza mguu wa katikati au ubao wa kupitisha kutoka mbele hadi nyuma. Bila huo, ubao wa mbele wa mita mbili utapinda chini, na watu wote watatelezea katikati.

Ukimaliza kutazama, shika kona moja ya mbele ya fremu uiinue kama sentimita 15. Mguu wa kona ya pili ya mbele unapaswa kuinuka nao karibu wakati uleule. Ukibaki chini huku fremu inajikunja, viungo havijashika. Jaribio hilo hilo lifanye dukani mjini kwa sofa iliyokwisha kuvikwa, maana hapo huna namna nyingine ya kuona mbao. Mwombe pia muuzaji aipindue. Chini huwa na kitambaa chepesi cheusi kilichobanwa kwa pini. Muuzaji anayejiamini atafungua kona moja uchungulie na tochi ya simu. Akikataa, tafuta duka jingine.

Juu ya fremu kuna kinachobeba sponji: springi za nyoka, mikanda ya mpira, au ubao bapa. Springi za nyoka zipangwe kwa kuachiana sentimita 10 hadi 12 na zifungwe pamoja kwa waya au kamba ili zisihame. Mikanda isukwe ya wima na ya ulalo kama ukili, na ivutwe mpaka ikigongwa itoe mlio. Ubao bapa ni rahisi na haulegei, lakini hulifanya sponji libebe mapigo yote peke yake, nalo huchoka mapema. Kama pesa inabana, afadhali mikanda mizuri kuliko springi mbovu.

Sponji ndilo eneo la pili la udanganyifu, na dawa yake ni mizani. Kila fundi atakuambia sponji lake ni gumu. Ugumu wa kubonyeza kwa kidole hausemi litadumu kiasi gani. Kinachosema ni uzito wake kwa ukubwa. Sponji la kukalia linapaswa kuwa na uzito wa kilo 28 hadi 35 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000,000, utapata mita za ujazo. Mto wa 60 kwa 60 wenye unene wa 15 ni 0.054. Ukiwa wa kilo 30 kwa mita ya ujazo, mto huo utakuwa na kilo 1.6. Ukiupeleka dukani kwenye mizani ya sukari ukasoma chini ya kilo moja, hilo ni sponji la kilo 18 au pungufu, na litabonyea kabla ya msimu ujao wa mvua. Kwenye mgongo na mikono unaweza kutumia sponji jepesi, la 18 hadi 22, kwa kuwa halikaliwi. Kataa mito iliyojazwa mabaki ya sponji yaliyokatwakatwa: hukusanyika pembeni na kuacha shimo katikati.

Kitambaa chagua ukiwa unalikumbuka vumbi la Septemba. Mahameli ya buluu iliyokoza au nyeusi inang'aa dukani, na nyumbani kila chembe ya vumbi itaonekana juu yake. Kijivu cha wastani, kahawia ya udongo au rangi ya kaki huvumilia zaidi. Ngozi bandia hufutika haraka, na kwa mgahawa ningeipendekeza, lakini kwenye joto la Oktoba hushika mapaja, na baada ya miaka michache tabaka lake la juu huanza kumenyuka, hasa karibu na dirisha linaloingiza jua la mchana. Chukua kipande cha kitambaa kabla hujaamua. Kisugue na leso nyeupe iliyolowa uone kama rangi inatoka. Kivute pande mbili: kikibaki kimelegea, kitalegea pia kwenye sofa. Kishike kuelekea mwangaza. Ukiona nyuzi zimeachana, hicho ni cha mapazia. Na mito yote ya kukalia iwe na zipu, ili foronya zivuliwe zifuliwe. Gharama ya zipu ni ndogo sana ukilinganisha na kuishi na uchafu usiotoka.

Sofa ya mtumba hupunguza gharama, na fremu zake huwa nzuri mara nyingine. Ikague mishono kwa tochi, hasa chini ya mito na kwenye kona za mgongo, ukitafuta madoa madogo meusi ya kunguni. Ukiyaona, usiibebe hata bure. Ukiipenda fremu tu, ivuliwe kila kitu hukohuko kwa fundi, sponji na kitambaa vitupwe, kisha ivikwe upya.

Kuhusu pesa, andikiana na fundi hata kama ni jirani. Karatasi moja inatosha: vipimo, aina ya mbao, uzito wa sponji, kitambaa, tarehe, bei, na sahihi mbili. Lipa kwa awamu tatu: ya mbao mwanzoni, ya pili ukishaikagua fremu tupu, ya mwisho sofa ikiwa imeingia sebuleni kwako. Malipo ya tumbaku yakitoka, wengi huagiza kwa pamoja na mafundi huelemewa. Agiza kabla au baada ya hapo, upate mkono uliotulia. Uliza pia kama fundi amepita VETA au alijifunza kwa fundi gani, na uende kukalia sofa aliyoiunda miaka mitatu iliyopita. Mteja wake wa zamani atakueleza yote kwa dakika tano.

Siku ya kusafirisha, kirikuu kitatosha, lakini njoo na turubai hata kama anga ni jeupe, na weka magunia kila mahali kamba inapogusa kitambaa. Ikifika, iache sentimita kumi kutoka ukutani, uweze kufagia nyuma na kuona mapema kama mchwa wanapanda kutoka sakafuni. Kila baada ya miezi miwili geuza mito, wa kulia uende kushoto, kwa sababu kila nyumba ina pembe moja ambayo baba hukalia siku zote. Na kabla fundi hajaondoka, mdai mabaki ya kitambaa yasiyopungua nusu mita. Yakunje, yaweke ndani ya foronya ya mto mmoja. Makaa ya pasi au kucha za paka zikitoboa mkono wa sofa, kiraka kitatoka kwenye jora lilelile, na rangi haitatofautiana.